Gari Limegoma Kupiga Stata: Maswali Wanayouliza Madereva wa Malindi

Majibu haya ni ya mtu aliyegeuza ufunguo na injini haikuzunguka, au ilizunguka kivivu ikasimama. Gari liwe la petroli au dizeli, la gia za mkono au otomatiki, mradi lina betri ya volti 12. Kama injini yako inazunguka kwa nguvu zote ila haiwaki, stata yako (ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) ni nzima. Tafuta kwenye mafuta, pampu au moto wa plagi, na dawa yake haimo humu.

Jambo moja kabla ya yote: stata hufunguliwa bure mara nyingi mno. Mtu anapeleka gari kwa fundi, stata inashushwa, inapakwa grisi, inarudishwa, gari linawaka siku mbili kisha linagoma tena. Kilichowasha gari siku ile kilikuwa kule kukazwa kwa nati za waya. Usikubali stata ishushwe kabla mita ya kupimia umeme haijasema kitu.

Nikigeuza ufunguo ni kimya kabisa, hata "tak" haisikiki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye taa, usianzie chini ya gari. Washa taa kubwa za mbele, lielekeze gari ukutani au mwombe mtu asimame mbele, kisha geuza ufunguo kama kawaida.

Taa zisipowaka, au zikiwa hafifu tangu mwanzo, betri imekwisha au kibano chake hakijashika. Taa zikiwaka vizuri halafu zikafifia sana au kuzimika pale unapogeuza ufunguo, umeme upo lakini hautoshi kazi: betri dhaifu, kutu kwenye maungio, au kitu kimekwama, ama stata ama injini yenyewe. Taa zikibaki vilevile bila kushtuka, basi stata haijavuta umeme hata kidogo. Ama haijapata amri, ama imeipata na ndani yake pamekatika.

Hali hii ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu. Kwenye stata angalia nyaya mbili. Mmoja ni mnene, unatoka betri moja kwa moja, na una umeme saa zote hata gari likiwa limezimwa. Wa pili ni mwembamba, unaingia kwenye solenoidi, ile silinda ndogo iliyobebwa mgongoni mwa stata, nao hupata umeme pale tu ufunguo unapofika mwisho. Weka ncha ya mita au taa ya kupimia kwenye huo mwembamba, mwenzio ageuze ufunguo. Ukisoma volti 12 au karibu yake, waya mnene nao una umeme, na stata bado kimya, hapo una haki ya kuilaumu, ukishahakikisha tu kwamba waya wa athi wa injini, ule wa hasi unaorudisha umeme kwenye betri, umeshika.

Usiposoma kitu, rudi nyuma: fyuzi, rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, na kwa gari la otomatiki swichi ya gia inayokataza gari kuwaka likiwa nje ya P au N. Hii ya gia ijaribu kwanza maana haina gharama: toa P, weka N, kanyaga breki, piga stata. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, umeshamkamata mwizi. Baadhi ya magari ya gia za mkono nayo hayatapiga stata mpaka klachi ikanyagwe hadi chini, na mkeka wa miguuni uliojikunja unatosha kuizuia.

Rilei unaweza kuibadilisha kwa muda na ya honi iliyo kwenye sanduku hilohilo, mradi namba zilizoandikwa juu yake zifanane.

Inalia tik-tik-tik-tik haraka haraka. Hii ni stata?

Karibu kila mara si stata. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili: moja ya kuvuta, nyingine ya kushikilia. Ukigeuza ufunguo chuma kinavutwa, shaba inagusana, na mota inaanza kunyonya umeme mwingi. Betri ikiwa dhaifu, volti zinaporomoka papo hapo, koili ya kushikilia inakosa nguvu, chuma kinarudi. Kikirudi mzigo umeondoka, volti zinapanda, kinavutwa tena. Hiyo ndiyo tik-tik yako.

Pima betri gari likiwa limelala saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 kushuka, usishangae gari kugoma. Kisha pima huku mwenzio anapiga stata: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ama betri haina nguvu ama kuna kitu kinanyonya umeme kupita kiasi. Gari likishawaka, pima tena. Altaneta nzima, ile inayochaji betri injini ikizunguka, huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, usimlaumu aliyekuuzia betri.

Inalia "tak" moja tu, nzito, halafu basi. Nikirudia mara tano sita inawaka.

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa Probox, Noah, Hiace na ndugu zao wote wa Toyota wenye stata ya Denso. Ule mlio ni chuma cha solenoidi kikifika mwisho. Kinapofika kinatakiwa kuunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme wa betri uingie kwenye mota. Vipande hivyo huliwa na cheche kidogo kidogo kila unapowasha gari, kimoja huliwa kuliko mwenzake, mpaka siku chuma kinafika lakini hakigusi vizuri. Ukirudia rudia, kinagusa kwa bahati, gari linawaka, nawe unasema ni mambo ya kawaida. Siku itakayokataa moja kwa moja huichagui wewe, na huwa ni kwenye foleni ya magari ya harusi.

Namna ya kuthibitisha: solenoidi ina bolti mbili kubwa. Moja inapokea waya wa betri, nyingine inapeleka umeme ndani ya mota. Gari likiwa P au N na breki ya mkono ikiwa juu, pima ya kwanza huku stata inapigwa, upate 12 au karibu. Pima ya pili. Ukipata sifuri huku "tak" inasikika, shaba zimeliwa. Ukipata volti nyingi hata kwenye ya pili na mota haizunguki, basi ni kaboni zimekwisha (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), amecha imeungua (sehemu yenyewe inayozunguka ndani ya mota), au kitu kimekwama.

Shaba hizi huuzwa peke yake, hazihitaji stata nyingine. Badilisha zote mbili, na mwambie fundi aangalie na ile sahani ya shaba iliyo kwenye chuma chenyewe. Ikiwa ina mashimo, shaba mpya hazitadumu.

Betri nimenunua mpya. Inawezekanaje tatizo likawa umeme?

Betri ni mwanzo wa safari. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampia 100 hadi 200, na ya dizeli huzidi hapo, na umeme wote huo unapita kwenye vibano, nyaya, nati na bodi ya gari mpaka urudi. Popote palipo na kutu, unapungua. Na ajabu yake ni kwamba mita peke yake, bila mzigo, itakuonyesha volti 12 nzuri kabisa. Ni kama mfereji uliokula kutu ndani: maji ya kunawa mkono yatatoka, ndoo hutaijaza.

Angalia pia kama ni betri inayofaa gari. Wauzaji wengine wakiishiwa na NS60 watakupa NS40 ambayo ni ndogo, nayo itaingia na gari litawaka siku za kwanza. Na betri iliyokaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa si mpya hata ikiwa na karatasi yake.

Kwa nini magari ya huku pwani yanasumbua hivi kuliko ya Nairobi?

Chumvi. Sina jibu jingine refu, ila chumvi yenyewe ina habari ndefu.

Upepo wa kusi unapovuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba unaleta unyevu wa bahari hadi ndani ya boneti. Gari linalolala karibu na ufuo, iwe kule kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Silversands au Mayungu, linalamba chumvi usiku kucha hata kama halijagusa maji. Magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni ndiyo yenye taabu zaidi. Huko chumvi iko hewani, iko kwenye vumbi, iko kwenye viatu vya dereva.

Inaposhambulia haianzi kwenye betri pekee. Ile poda nyeupe au ya kijani juu ya vibano kila mtu huiona, na huifuta. Inayoua ni ile isiyoonekana: ndani ya kichwa cha waya pale shaba ilipobanwa, chini ya plastiki ambako nyuzi zimegeuka kijani na kukatika moja moja, na kwenye waya wa athi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Waya wa athi hausafishwi na mtu. Umefungwa kwa bolti moja chini huko, umepigwa na maji ya barabarani miaka kumi, na bado tunataka upitishe ampia 150.

Dalili yake ni ya kipekee: ukipiga stata, taa za dashibodi zinafanya mambo ya ajabu, mishale inacheza, au kebo ya klachi ama ya mafuta inapata moto. Umeme umekosa njia yake, unarudi kwa njia ya wenyewe.

Nawezaje kuujua waya mbovu bila kubadilisha nyaya zote?

Kwa mita ya bei nafuu ya dukani na mtu mmoja wa kukushikia ufunguo. Kwanza toa fyuzi ya pampu ya mafuta gari lisiwake (kwa dizeli za kisasa muulize fundi ni fyuzi ipi), weka gia P au N, vuta breki ya mkono, na kaa mbali na feni na mikanda.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya chanya ya betri yenyewe, ile risasi, usiguse kibano. Ncha ya pili iguse bolti ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzio apige stata. Mita itakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Zikizidi 0.5 upande huu kuna kasoro. Kisha upande wa hasi: ncha moja nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, kwenye chuma kitupu kisicho na rangi. Hapa zikizidi 0.3 kuna athi mbovu.

Ukishajua upande, sogeza ncha kidogo kidogo: kutoka nguzo hadi kibano, kibano hadi waya, waya hadi bolti. Pale namba inaporuka ndipo penye kutu.

Kumbuka tu kipimo hiki kinasema kweli wakati umeme unapita. Kama stata inalia "tak" na hainyonyi kitu, utasoma sifuri kila mahali na kudhani nyaya ni nzuri.

Nisafishe vipi maungio ya betri?

Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Kurudisha ni kinyume chake, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni spana: ukiwa unafungua chanya na spana ikagusa bodi huku hasi bado imefungwa, utaona cheche ambayo hutaisahau.

Mwagia maji ya moto yaliyokorogwa na magadi kidogo, yale yale ya jikoni. Yatatoa povu, maana asidi inauawa. Yasiingie kwenye matundu ya betri. Suuza, kausha, sugua nguzo na ndani ya kibano kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu. Grisi ni ya kuzuia hewa baada ya kukaza. Kupaka juu ya kutu ni kuifunika tu.

Waya wa athi ufungue kabisa, usugue na bodi pale unapokaa. Ukiona nyuzi za kijani, usiuhurumie. Nunua mwingine mnene.

Fundi amegonga stata kwa nyundo gari likawaka. Nimepona?

Hujapona, umefika nyumbani tu. Kugonga husogeza kaboni zilizokwisha au kukwama zikagusa tena, au kuishtua shaba ya solenoidi. Kama kugonga kunasaidia, fundi amekupa jibu bure: tatizo liko ndani ya stata, na sasa ndiyo wakati wa kuishusha.

Wagongaji wapunguze mkono. Stata nyingi za sasa zina sumaku za kudumu ndani badala ya koili, na sumaku hizo hupasuka kwa nyundo. Tumia kipande cha mti, gonga kidogo.

Asubuhi linawaka vizuri. Nikitoka Mombasa likiwa la moto, nikizima kujaza mafuta linagoma mpaka lipoe.

Joto linaongeza ukinzani kwenye koili za solenoidi na kwenye nyaya zilizochoka. Stata imekaa pale injini inapoungana na giaboksi, mara nyingi jirani na bomba la moshi, na gari likizimwa baada ya mwendo mrefu hakuna tena upepo wa kuipoza. Kilichokuwa kinatosha kidogo asubuhi sasa hakitoshi. Bushi zilizolika, zile pete zinazoshikilia ekseli ya amecha, nazo huachia amecha isuguane na mwili wa stata ikipata joto.

Pima kwa kipimo cha volti zinazopotea gari likiwa la moto, usipime likiwa limepoa. Ukimpelekea fundi asubuhi akakwambia ni zima, amesema kweli ya asubuhi. Angalia pia kama kile kibati cha kuzuia joto la moshi bado kipo. Wengine wakishusha stata huona ni uchafu wakakitupa.

Inalia "vuuuu" kwa kasi lakini injini haisogei. Au inasaga meno.

Mota ni nzima. Ikilia bila kushika, bendiksi imekufa (kile kinachobeba kigia kidogo cha stata kinachoshika meno ya injini) au kigia hakisukumwi mbele. Ikisaga, ama meno ya kigia yameliwa, ama bolti za stata zimelegea (anza na hizi), ama meno ya flaiwili yenyewe (gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha) yamekwisha sehemu fulani. Meno ya flaiwili huliwa mahali palepale kwa sababu injini husimama mahali palepale. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli, jaribu tena. Ikishika, giaboksi itashuka na mfuko wako utajua.

Stata haiachi. Nimerudisha ufunguo bado inazunguka!

Fungua hasi ya betri upesi. Shaba za solenoidi zimeungana kwa cheche, au rilei au swichi ya ufunguo imeng'ang'ania. Usiliwashe tena mpaka lishughulikiwe. Stata inaungua kwa dakika chache, na waya unaweza kuanzisha moto.

Kwa hiyohiyo sababu usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe kama dakika moja ndipo ujaribu tena.

Naweza kuunganisha stata kwa bisibisi kule chini?

Mafundi hufanya, na watu wamekanyagwa na magari yao wenyewe kwa njia hii. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele na wewe uko chini au mbele yake. Kama huna budi, toa gia, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, usilale chini ya gari. Unganisha bolti ya betri na ule mwembamba wa solenoidi, kwa waya wenye ncha safi. Kuunganisha bolti mbili kubwa kwa bisibisi kunatoa cheche za kuchomea chuma, na mota itazunguka bila kigia kusukumwa, hivyo hutakuwa umewasha gari hata hivyo.

Na kusukuma?

Gari la gia za mkono, sawa: ufunguo uwe umewashwa, gia ya pili, klachi chini, vijana wasukume, likishika mwendo achia klachi kwa mkupuo. Ikitokea stata imekufa na betri ni nzima, utafika salama, mradi usizime njiani. Betri ikiwa imekufa kabisa, magari ya sindano, yanayopuliziwa mafuta kwa umeme, hayatawaka hata mkilisukuma mpaka Watamu, kwa kuwa kompyuta na pampu ya mafuta hazina umeme.

Otomatiki usijisumbue. Giaboksi yake haiungani na injini kwa kusukumwa. Zamani kila mtu aliwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, na mkono huo ulivunja watu vifundo, mpaka Cadillac ya 1912 ilipotoka na stata ya umeme ya Charles Kettering. Tumefika mbali kidogo. Tumia nyaya za kuazima moto.

Nizifunge vipi hizo nyaya za kuazima moto?

Mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa inayoshika moto, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Acha gari zima lingurume dakika tano hivi ndipo ujaribu.

Nyaya nyembamba zinazouzwa kwa bei ya kutupa hazipitishi ampia za stata. Zikipata moto mkononi, umejua tatizo.

Na hapa pana jaribio zuri: ukiunganisha betri nzima kwa nyaya nene na gari bado linalia "tak" moja, betri imetoka kwenye orodha ya washukiwa.

Nilipita kwenye maji mvua za masika zilipofurika, gari likazima. Sasa likipigwa stata linafanya "dum" na kusimama.

Acha hapo hapo. Usirudie hata mara moja. Inawezekana maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Plagi zitolewe, injini izungushwe kwa mkono kwa spana kwenye puli ya krenki. Kwa dizeli hutolewa sindano au plagi za joto, nayo ni kazi ya fundi. Maji yakitoka, shukuru Mungu, badilisha na oili. Puli isipozunguka hata plagi zikiwa nje, stata yako haikuwa na hatia, na mazungumzo sasa ni ya injini.

Stata iliyozama nayo ifunguliwe ikaushwe wiki hiyohiyo, hasa maji yakiwa ya upande wa bahari. Bendiksi hushika kutu upesi.

Gari langu ni la kitufe, halina ufunguo. Nabonyeza, taa zinawaka tu.

Angalia taa za breki nyuma ukikanyaga pedali. Zisipowaka, swichi ya breki imekufa au fyuzi yake imeungua, na gari halijui kwamba umekanyaga. Zikiwaka, shuku betri ya rimoti: gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe, ubonyeze. Likikubali, nunua betri ndogo ya rimoti, nyingi hutumia CR2032.

Magari ya mseto kama Aqua na Prius ni hadithi nyingine. Hayana stata ya kawaida kabisa; injini huzungushwa na mota ya mfumo wa mseto. Betri yake ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta, na ikifa gari zima hulala. Usimruhusu mtu atafute stata ndani ya Aqua.

Nitengeneze stata yangu au ninunue ya mtumba kutoka Japani?

Kama mwili haujapasuka na amecha haijaungua, tengeneza. Kaboni, bushi, shaba na bendiksi zote hupatikana, na fundi wa waya mzuri atamaliza siku hiyohiyo. Stata ya mtumba ina shaba zilizoliwa na gari la mwenzio. Hujui imewasha mara ngapi. Nikilazimika kuinunua, ninaijaribu dukani kwa betri kabla ya kutoa pesa: iwe imebanwa chini imara, kigia kitoke mbele na kuzunguka bila kusita. Huwa naomba pia nirudishiwe vifaa vya zamani vilivyotolewa, vyote, hata kama ni takataka. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo simrudii.

Betri yangu ni ya kuongeza maji. Naweza kutia ya kisimani?

Hapana. Visima vingi vya Malindi vina chumvi, na chumvi ndani ya betri inaila sahani za risasi. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, na usitie asidi, isipokuwa betri ilimwagika. Joto la huku hukausha maji upesi, kwa hiyo angalia kila mwezi.

Nakaa Amu, kisiwani Lamu. Gari huliacha Mokowe, upande wa bara, wiki tatu nne, nikirudi halipigi stata.

Hilo si gari bovu. Saa, alamu na kompyuta hunyonya umeme kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa, na betri iliyochoka haifiki wiki nne. Kabla ya kupanda boti, fungua hasi ya betri, ufunge kitambaa kikavu kwenye kibano kisirudi kugusa nguzo. Kama redio yako inadai namba ya siri ikikatiwa umeme, iandike kwanza. Kama gari hufungwa kwa rimoti tu, hakikisha ufunguo wa kawaida unafungua mlango wa dereva, usije ukajifungia nje.

Ukiweza, egesha mbali na gati, nyuma ya nyumba au ukuta unaokinga upepo wa bahari. Na ukirudi usipige stata kwanza: funga hasi, sugua kidogo, pima. Ikisoma chini ya 12.0, tafuta mtu wa kukuazima moto kabla watu wa boti hawajatawanyika.